Tulipomrudishia Mama Uteo Wake



Nyumba yetu iko Mwembe Tayari, si mbali na mabasi yaendayo bara. Kwa zaidi ya miaka thelathini mama yetu aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akakanda unga wa mahamri na kuteleka mbaazi, na kulipopambazuka majirani walikuwa wamekwisha kufika mlangoni na vyombo vyao. Biashara hiyo ndogo ndiyo iliyotusomesha sote, madrasa na skuli.

Kisha akaanza kusahau. Alisahau majina ya wajukuu, halafu akasahau kuwa baba yetu amekwisha kufariki, akawa amuulizia kila magharibi. Daktari alitueleza kuwa hiyo ni dimenshia, maradhi ya ubongo, wala si uzee mtupu, si hasadi na si jini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni waliishi nayo, wengi wao katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Dawa ya kuiponya haijapatikana.

Hofu ilituingia. Tulimzuia jiko kwa kuogopa moto, tukamwondolea kisu, mbuzi ya kukunia nazi, hata ufagio. Tulidhani huo ndio wema: mama amefanya kazi ya kutosha, sasa na apumzike. Naye hakupumzika. Kila alfajiri alisimama mlangoni akitaka kutoka, akisema watu wamngojea. Siku moja tulisahau kufunga. Tukamkuta kwenye mabasi, amejitanda leso tu, akiwauliza abiria kama wamekwisha kula; mama ambaye hakuwahi kuonekana njiani bila ya buibui. Tulilia siku ile, na tuliporudi nyumbani tukatia kufuli la pili.

Aliyetufumbua macho ni mjukuu wa miaka saba. Alitumwa kuchagua mchele, akachoka, akaupakata uteo mapajani mwa bibi yake, akaenda kucheza. Tulipomaliza kusali adhuhuri tulimkuta mama akipeta, mikono imetulia, akitoa chuya mojamoja. Akatuuliza kwa ukali wake wa zamani, "Mchele huu kaununua nani? Chuya tele!" Miezi ilikuwa imepita tangu tumsikie akisema hivyo.

Baadaye tulifahamishwa sababu. Maradhi haya mara nyingi hutangulia kuondoa mambo ya karibuni na majina, lakini mazoea ya mikono yaliyorudiwa miaka na miaka hukawia kuondoka. Kwa hiyo asubuhi twamwekea donge la unga, akakanda na kusukuma. Kukaanga ni kwetu. Alasiri hukunja leso, au hutunga asumini. Twampa jambo moja tu kwa wakati mmoja; twaanza sisi, naye hufuatiza. Hatumuulizi, "Wakumbuka?" kwani swali hilo humtia katika mtihani asioweza kuushinda. Akichoka, twaacha.

Tumekosea pia. Mmoja wetu alizikunjua leso alizokunja mama, akazikunja upya mbele ya macho yake. Mama aliitazama mikono yake, akanyamaza, na kwa siku mbili hakugusa kitu. Hapo tulielewa kwamba shabaha si leso iliyonyooka. Mchele ukibakia na chuya, twauchagua tena yeye akiwa amelala, na mezani twamshukuru kwa kuuchagua.

Jambo lililotutatiza zaidi ni sala. Alikuwa akisali isha mara tatu, au akisita katika rakaa ya pili, nasi tukimsahihisha kwa sauti hata akatahayari. Ustadhi tuliyemuuliza alitukumbusha kuwa aliyeondokewa na akili hana taklifu, basi tusimhesabie rakaa. Sasa mmoja wetu husimama ubavuni pake akasali kwa utaratibu, naye hufuata. Majina yetu yamemtoka, lakini Alhamdu bado i ulimini mwake.

Katika Suratul Israa Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusema na wazazi wetu kwa heshima wanapofikia uzee. Sisi tulikuwa tukimwambia, "Mama, wacha, kaa," tukidhani ndiyo heshima yenyewe. Leo twamwambia, "Mama, tusaidie." Kwa neno la kwanza tulimfanya mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa mahamri, kwa neno la pili amerudi kuwa mwenye nyumba.

Hajapona. Baba bado amuulizia, na juma lililopita alimwita mmoja wetu jirani. Lakini alfajiri nyingi sasa haendi mlangoni, kwani unga umngojea jikoni.

Enyi wenzetu wenye mzee wa hali hii, tazameni mikono yake ilizoea nini: ukili, sindano ya kofia, nyavu, tasbihi. Mrudishieni kilicho salama, mkae naye. Na mzigo huu usiachiwe binti mmoja. Wana wa kiume nao wana wazazi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atupe subira tusiwachoke. Amin.