Mafia kabla ya gati na baada yake

Zamani safari ya Mafia ilianza kwa kungoja. Ungoje Kisiju au Nyamisati, pwani ya bara, mpaka nahodha aridhike na upepo, ungoje tena maji yajae, ndipo jahazi ling'oe nanga. Kilindoni hapakuwa na gati: unakunja suruali, mzigo kichwani, unateremka majini. Siku hizi gati lipo, na ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa. Wageni wa kuzamia na kuvua wanafika kwa wepesi, na wapo wanaosema utulivu wa kisiwa umekwisha. Mimi nasema hapana, kwa kuwa naukumbuka utulivu wenyewe ulivyokuwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baruti zililia mpaka kwenye miamba yetu. Maji yanaruka, samaki wanaelea tumbo juu, wengine wanazama bila kuokotwa, na mwamba uliochukua karne kukua unabaki kifusi. Matumbawe mengine yalichimbwa yakachomwa kuwa chokaa ya kujengea. Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania. Haikupokewa kwa vigelegele kote. Watu wa kisiwa kidogo cha Jibondo walipinga vikali masharti yake, nami niliwaelewa: ukimkataza mtu wavu wa juya aliolelewa nao bila kumpa njia nyingine, umemnyima tonge. Kisha ikaja 1998, bahari ikapata joto la El Niño, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, hata pale ambapo baruti haikufika.

Kubwa zaidi ninaloliona limebadilika ni namna tunavyomtazama potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote, anayekuja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Nilimwona kwanza nikiwa kwenye mashua ya mjomba. Alizima mashine. Mgongo wa kijivu wenye madoa meupe ukapita ubavuni taratibu, mdomo wazi, akichuja maji. Mjomba macho yake yalikuwa mbele, kwenye dagaa waliokuwa wakirukaruka.

"Mjomba, huyo ndiye anayetuonyesha," aliniambia. "Alipo potwe, dagaa wapo."

Leo watoto wa mjomba wanapeleka wageni kumwona samaki yuleyule. Tulidhani kaskazi ikiisha naye anahama. Watafiti walimfunga vifaa vya kutoa mlio, wakagundua kwamba wengi hawaendi mbali: wanasogea tu kwenye maji ya kina. Kumbe ni wenyeji kama sisi. Nyavu zikimnasa, anayeumia ni mkazi wa Mafia.

Umbali ulikuwa ukiilinda Mafia kidogo tu, na wapiga baruti haukuwazuia. Kinachoilinda sasa ni watu waliokubali kujizuia, na mgeni naye ana sehemu yake. Apande chombo cha mwenyeji, alipe ada ya hifadhi, asimguse potwe wala kumkatia njia, asikanyage matumbawe. Nayo manufaa ya ada hiyo yaonekane Jibondo, Chole na Juani: zahanati, madawati, zana halali za uvuvi. Walioombwa kuacha juya wakiambulia patupu, hakuna doria itakayotosha kuulinda mwamba.