Kwa Sonara wa Lamu

Mama mwenzangu, ukijaliwa kufika Lamu usikimbilie ufuko wa Shela kabla hujapita kwa masonara. Mtu huvuka kwa mashua kutoka Mokowe, akateremka gatini, kisha akaingia Usita wa Mui, ile njia kuu nyembamba ambamo mwenye kupishwa ni punda. Humo utawakuta mafundi wa fedha, milango wazi.

Wageni hutafuta sana pete za vigae vya kaure ya Kichina, iliyoletwa na majahazi karne nyingi zilizopita na kupangwa katika zidaka za nyumba kubwa. Chombo kikivunjika, kigae chenye ua la buluu husuguliwa na kuzungushiwa fedha. (Chenye ncha sikipendi; hukwaruza watoto wachanga.)

Mimi nilivutiwa zaidi na kazi ya kuagiza. Dada niliyesafiri naye alikuwa na bangili mbili za fedha za marehemu mama yake, moja imekatika. Mabinti ni watatu, na bangili hizo zilikwisha kuleta maneno nyumbani. Sonara alizipima mbele yetu, akataja gramu na ujira wake, kisha akauliza, "Mama, una hakika? Ikishayeyuka hairudi." Dada akanyamaza kitambo. Kisha akamsogezea ile iliyokatika, nzima akairudisha mkobani.

Fedha safi huyeyuka kwa nyuzi 961. Tuliona bangili ikilegea, ikawa tone linalong'aa, ikamiminwa kuwa kijiti, ikapigwa nyundo, ikakunjwa, ikalehemiwa, ikapigwa tupa. Zikatoka pete tatu za uzito mmoja. Bangili nzima, alisema, itazunguka, kila ndugu na mwaka wake.

Dukani pengine utapata pete nzuri zaidi, lakini hujui imechanganywa na nini. Nikeli, kwa mfano, huwatoa wengine upele wa kuwasha.

Ukiagiza, peleka kidole chenyewe. Aliye mbali atume pete inayomkaa, kama walivyofanya ndugu zake huyu dada. Pima jioni, maana asubuhi ya baridi kidole hunywea, na pete ipite kifundo bila kulazimishwa. Mjamzito wa miezi ya mwisho asubiri ajifungue: vidole huvimba, na pete iliyobana sisi wauguzi mara nyingine hatuna budi kuikata. Tena elewaneni mapema unga wa tupa ni wa nani. Kwa dhahabu, hilo si jambo dogo.