Uso wa Motokaa na Moyo Wake

Tangu zamani mwanadamu hupenda kupamba chombo chake cha safari. Watu wa pwani walichora macho kwenye omo la mtepe, mwenye baiskeli huifunga vioo na riboni, na dereva wa basi huandika maneno ya hekima nyuma ya gari lake. Hakuna dhambi katika hayo. Mwenye kupenda chombo chake hukitunza, naye anayekitunza hufika salama.

Lakini siku hizi vijana wengi wameshikwa na hamu ya kubadili bampa la mbele. Hung'oa lile lililotoka kiwandani na kuweka jingine lenye midomo mipana na taa nyingi, wakisema kwamba gari litapendeza na injini itapata hewa. Mimi ni fundi wa motokaa niliyestaafu, nakaa Mombo, pale barabara ya Soni na Lushoto inapoachana na ile kuu ya Moshi. Jambo hili limefika nyumbani kwangu, nami naona vema niwaeleze wenzangu, maana limebeba fedha za watu na pengine roho zao.

Mpwa wangu hupakia abiria katika Toyota Carina kutoka Mombo hadi Lushoto. Ni mwendo wa kama kilometa 33 tu, lakini karibu wote ni mlima na kona, hata ufike mji ulio kama meta 1,400 juu ya bahari. Gari hilo alilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na kila mwisho wa mwezi lazima apeleke rejesho. Basi gari likaanza kuchemsha. Mara tatu katika juma moja abiria walishushwa kabla ya Soni, wakangoja kando ya barabara huku mvuke ukifuka. Siku moja kijana mmoja wa pale akafungua kifuniko cha rejeta kabla maji hayajapoa, nayo yakamrukia mkononi na kifuani. Alilazwa siku tisa.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu akaja kwangu, na juu ya gari amefunga bampa jipya jekundu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Na hilo ulilobeba ni nini?"

"Ndiyo dawa, mjomba. Muuzaji amenihakikishia, kwa midomo hii injini haitachemka tena. Na tazama linavyopendeza!"

"Na rejesho la mwezi huu?"

Akanyamaza. Rejesho ndilo lililonunua bampa, na dukani hawakukubali kulirudishiwa.

Nikalichukua, nikalilaza kwenye jamvi, nikamwambia apitishe mkono katika ile midomo. Ya pembeni haikupita hata kidole. Ilikuwa michoro tu, plastiki iliyobonyezwa na kupakwa rangi nyeusi ionekane kama tundu. Mdomo wa katikati nao ulikuwa na ukuta nyuma yake, na muuzaji alikuwa amekwisha kufungia hapo kibao cha namba na taa mbili kubwa. Wazee walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapo nikamweleza kazi ya hewa. Petroli inapoungua, karibu theluthi ya joto lake huingia katika maji ya injini. Maji hayo husukumwa na pampu mpaka kwenye rejeta, yakapita katika mirija myembamba, na hewa inayopita kati ya mirija huyapoza. Mahali palipo sawa na bahari maji huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi. Lushoto, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kama kwa digrii 95. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kimeundwa kushika nguvu ya mvuke, ili maji yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo imeondoka. Na anayekifungua kukiwa na moto huifungulia nguvu hiyo yote usoni pake.

Hewa nayo ni kama maji ya mfereji: hufuata njia iliyo rahisi. Haitoshi kuifungulia mlango mbele. Ikiona nafasi ubavuni mwa rejeta itapita huko, nayo rejeta itabaki na joto lake. Tena lazima ipate mahali pa kutokea, chini ya gari. Wako vijana wanaoinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa katika bawaba, wakidhani wanatoa joto. Kumbe gari likienda kasi, upepo hujikusanya mbele ya kioo na kusukuma, na pengine huingia pale badala ya kutoka.

Tukaanza kazi, lakini si kwa bampa. Tulitazama rejeta kwanza. Kati yake na ile rejeta ndogo ya kipoza hewa palijaa mbegu za majani, panzi waliokufa na udongo mkavu mgumu kama matofali. Tukamwaga maji polepole kutoka upande wa injini kuelekea mbele, tusije tukakunja yale mapezi membamba. Kisha tukawasha injini tukangoja. Feni moja ikazunguka, ya pili ikakaa kimya. Rilei yake ilikuwa imeungua, na bei yake haikufika hata sehemu ya ishirini ya bampa. Gari linapopanda mlima polepole upepo wa mbele ni kidogo sana, na feni ndiyo inayobeba mzigo. Bampa zuri kuliko yote duniani haliwezi kufanya kazi ya feni iliyokufa.

Ndipo tukaligeukia bampa lenyewe, maana fedha zilikwisha kutoka. Tukaukata ule ukuta wa katikati kwa msumeno mwembamba, tukaweka wavu wa chuma wenye matundu mapana kuzuia mawe. Taa tukazisogeza pembeni, kwenye ile midomo ya uongo, nayo ikapata kazi. Kibao cha namba tukakishusha chini kidogo, mahali kinaposomeka bila kuziba. Mwisho tukakata vipande vya mpira wa tyubu ya lori, tukavipigilia ribiti toka kingo za mdomo hadi kingo za rejeta, juu na ubavuni, hewa yote iingiayo isipate njia nyingine.

Jambo moja nilikataa kabisa. Fundi kijana aliyekuja kutusaidia aliona bampa halikai vizuri, akachukua gurudumu la kukatia chuma ili apunguze ile boriti iliyo nyuma ya plastiki. Nikamshika mkono. Plastiki ya mbele ni nguo tu. Boriti ndiyo mfupa. Gari likigonga, hiyo ndiyo inayopokea pigo la kwanza na kuligawa kwenye fremu mbili za ubavuni. Na magari yenye mifuko ya hewa mara nyingi huwa na vitambuzi vyake hapo mbele. Ukivihamisha au kuvikata waya, mfuko waweza kukaa kimya siku unapohitajika, au kufumuka bila sababu. Tukakata plastiki, boriti ikabaki nzima.

Juma lililofuata alipanda Lushoto na abiria wanne na magunia mawili ya kabichi. Sindano ya joto ilikaa chini kidogo ya nusu njia nzima. Rejesho lake alilipa kwa kuchelewa, kwa faini, lakini alilipa, na gari likabaki mikononi mwake.

Labda mtu atasema, mbona magari ya mashindano ya Safari yalijaa taa na vyuma mbele? Ni kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na wengi wetu tuliyapenda, hasa Bert Shankland wa Dar es Salaam aliposhinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Lakini katika magari ya namna ile kila kilichofungwa kilikuwa na kazi yake: taa za kuona vumbini usiku, na ngao za kukinga mawe na wanyama. Sisi tumechukua sura tukaiacha sababu.

Na hizo ngao ngumu za chuma tuzifikirie mara mbili mjini na vijijini. Plastiki na boneti za magari ya sasa zimeundwa kunepa kidogo zinapomgonga mtu. Chuma hakinepi, na urefu wake ni sawa na kifua cha mtoto wa shule. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka 2005 ya kutaka ngao za mbele zipimwe kabla ya kuuzwa.

Basi, ndugu zangu wenye magari, kabla ya kununua uso mpya fanyeni mambo haya: osheni rejeta, jaribuni feni zote, badilisheni kifuniko kilicholegea, tazameni mipira na pampu kama vinavuja. Gari likichemka, zimeni injini, mngoje mpaka rejeta iguswe kwa mkono bila kuunguza, ndipo mfungue. Likibaki kidogo mfukoni, pambeni, mfurahi. Lakini kumbukeni kwamba sehemu ya mbele ya gari ndiyo inayokutana kwanza na jirani yetu barabarani, naye hatauliza kama inapendeza.