Daftari la Mama



Sisi wa Kalima tunalijua jiwe kwa sababu ya riziki. Tangu siku za Symétain wazee wetu wameosha mchanga mtoni, maji yakichukua kilicho chepesi, na kasiteriti, kwa uzito wake, ikibaki chini. Kwa hiyo tulicheka kwa mshangao padiri alipotuonyesha kitabu chenye picha za Henri Matisse, mchoraji Mfaransa, akatuambia kwamba kuna picha zinazozaliwa kwa jiwe na maji.

Ufundi huo huitwa litografia. Alois Senefelder aliugundua huko Bavaria mwaka 1796, akitafuta njia isiyo ghali ya kuchapa tamthilia zake. Mchoraji huchora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosawazishwa. Jiwe hulowanishwa, maji hukataana na mafuta, na wino, ambao nao una mafuta, hushika penye mchoro tu. Kisha karatasi hugandamizwa juu yake. Kwa kawaida kila rangi hudai jiwe lake, na karatasi ileile hurudi kupigwa tena na tena.

Lakini kilichotugusa hakikuwa ufundi. Mwaka 1941, akiwa na miaka 71, Matisse alipasuliwa tumbo mjini Lyon, na tangu hapo kazi zake nyingi alizifanya kitandani au katika kiti cha magurudumu. Katika hali hiyo aliyachukua mashairi ya Charles d'Orléans, mwana wa ukoo wa kifalme aliyetekwa vitani Azincourt mwaka 1415, akazuiliwa Uingereza miaka 25. Herufi hakuwaachia wapiga chapa. Aliyanakili mashairi kwa mkono wake mwenyewe, akayazungushia mistari ya rangi, na kurasa nyingine akazijaza yungiyungi la wafalme wa Ufaransa, ua lilelile likirudi kwa rangi mpya. Kitabu kilitolewa na Tériade mjini Paris mwaka 1950. (Tuseme kweli: baadhi yetu tuliyaona maua hayo kama kazi ya mtoto wa shule.)

Mgonjwa ananakili maneno ya mfungwa. Hapo tulinyamaza, kwa maana sote tulimkumbuka mama mmoja wa kwetu. Kwa miaka mingi ndiye aliyenakili nyimbo za kwaya katika daftari. Miguu ilipomshinda na mkono ukaanza kutetemeka, tulimwambia, “Mama, pumzika,” tukalipeleka daftari kwa mtu mwenye kompyuta mjini Kindu. Tulidhani tunamhurumia. Kila tulipomtembelea tulipeleka sukari na sabuni, tukasali, tukaondoka; hakuna aliyemwuliza anashindaje kutwa nzima.

Jumapili iliyofuata tulimrudishia daftari. Hakutushukuru. Aliuliza kwa nini limekaa kwetu miaka miwili, kisha akafungua ukurasa wa mwisho, penye wimbo wa Majilio alioukatiza katikati siku ile tulipomwambia apumzike. Beti zilizobaki alikuwa nazo zote kichwani.

Herufi zake sasa zinapanda na kushuka kama barabara ya Kindu wakati wa mvua, na wanakwaya wengine wananung’unika kwamba hazisomeki. Juma lililopita alimtuma mjukuu wake kutuambia kwamba anataka kalamu nyekundu kwa ajili ya viitikio, na ya kijani kama ipo.