Land Rover ya Baba au Prado? Jibu langu kwa ukoo mzima



Najua ni muda mrefu sijaandika hapa, mpaka shangazi ameanza kuuliza kama nimesahau Kiswahili. Sijasahau! Nipo palepale Xiaobei, ghorofa ileile, na lifti ni ileile inayogoma kila mvua ikinyesha. Leo nimekaa kuandika kwa sababu simu zimezidi. Kila mtu ana maoni yake kuhusu gari, na nikimjibu mmoja mwingine ananuna. Halafu WhatsApp yenyewe huku haifunguki bila VPN, na huku tuko mbele yenu kwa saa 5, kwa hiyo mabishano yenu ya saa 4 usiku mimi nayapata saa 9 alfajiri. Basi najibu mara moja, wote msome.

Kwa marafiki wasiojua kisa: nyumbani Mahenge kuna magari mawili ya milimani. La kwanza ni Land Rover One Ten ya mwaka 1986, ya marehemu Baba. La pili ni Prado ya mwaka 1998, niliyoiagiza Japani mwaka 2010, baada ya miaka miwili ya kubeba mabegi ya watu hapa Guangzhou. Yote mawili yamechoka. Akiba niliyonayo inatosha kutengeneza moja tu, ila litengenezwe sawasawa. Kazi zake ni mbili. Kila mwezi limpeleke Mama kliniki Ifakara. Na Desemba litubebe, watoto na wajukuu, twende Udzungwa tukalale kwenye mahema, safari ambayo Baba alituahidi kila mwaka, na kila mwaka karo zikaila.

Mnaoijua njia hiyo sina haja ya kuwaeleza. Tangu daraja la Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, habari ya kusubiri pantoni imekwisha. Lakini mlima haujahama. Masika udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni, na gari likianza kurudi nyuma, kila abiria anakumbuka kusali.

Sasa, kuna watu mnadhani mimi huku naendesha. Jamani, sina gari! Guangzhou tangu Julai 2012 namba ya gari la petroli hununui tu: unaingia kwenye bahati nasibu au kwenye mnada. Wenye magari ya umeme ndio wanapata namba za kijani bila usumbufu huo. Mimi ni mtu wa treni ya chini ya ardhi. Ila jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mchina, amenunua Tank 300, gari la porini la kampuni ya Great Wall. Tangu wakati wa korona Wachina wameshikwa na homa ya kulala kwenye mahema, na yeye kila Jumamosi anapakia hema, meza, viti, jiko na mbwa. Lile gari lina kila kitu cha kupambana na matope, na sijawahi kuona tope kwenye tairi zake hata siku moja. Nisiwe mnafiki, nilikuwa namtamani. Nilikuwa naiona Land Rover ya Baba ina hema juu ya paa, winchi mbele, taa nane... na mimi nimesimama pembeni napigwa picha.

Turudi kwenye mabishano. Upande wa Land Rover yuko mdogo wangu wa kiume pamoja na wajomba wote. Hoja zao ni nzuri. Injini ni dizeli ya lita 2.5, haina turbo wala kompyuta, fundi yeyote wa Mahenge anaifungua kwa spana na matusi. Inavuta kwa tairi zote nne muda wote, na difu ya katikati unaweza kuifunga ukizama. Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo haiozi hovyo. Halafu kuna hoja ambayo hakuna anayeitamka. Gari lile lilitupeleka shule, lilibeba maharusi, lilibeba misiba ya majirani, na mwaka 2014 lilimbeba Baba mwenyewe safari yake ya mwisho. Mtu anapata wapi moyo wa kuliacha likae juu ya mawe?

Upande wa Prado wako dada zangu. Viti vizuri, kiyoyozi, giaboksi ya otomatiki, na mashine ya 1KZ ya lita 3 yenye turbo, ambayo spea zake zimejaa kuanzia Kariakoo mpaka huku. Ubaya wake ni ugonjwa mmoja unaojulikana: hedi ya silinda haivumilii joto. Ikichemka vibaya mara moja tu, inapasuka. Yetu ilipasuka mwaka 2017 ikipanda mlima na mizigo ya msiba, ikazibwazibwa, na tangu hapo inakunywa maji kama ngamia.

Mpwa wangu alileta hoja ya tatu: tuuze yote mawili tununue jipya la Kichina. Mpwa, nakupenda, lakini bei ya gari, meli na ushuru ukijumlisha, hiyo akiba yangu itanunua milango tu.

Basi Jumapili moja nikaenda barabara ya Yongfu, ambako maduka ya vifaa vya magari yamejipanga ghorofa kwa ghorofa. Nilikuwa na orodha ndefu ya urembo. Bampa la chuma, winchi, taa za paa, hema la kukunjua, vifaa vya kuinua gari. Nikaingia duka la kwanza, nikaonyesha picha ya gari kwenye simu. Yule mama muuzaji hakuuliza rangi wala bei. Aliuliza neno moja: "Youduo?" Maana yake, usukani uko kulia?

Jamani, niliishiwa nguvu pale pale. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana wengine hamjawahi kunisikia nikilisema hili.

Mwaka 2019 nilimtumia mdogo wangu taa mbili za LED kwa ajili ya Land Rover, zile za duara za inchi 7. Nilizinunua kwenye duka moja hapa, nikazijaribu kwa betri, zikawaka kama jua, nikajisifu. Kosa langu ni kwamba sikuuliza swali ambalo mama huyu aliniuliza. China magari hupita kulia. Taa zilizotengenezwa kwa nchi za namna hiyo, hata ukipiga dimu, mwanga wake umekatwa chini upande wa kushoto, na upande wa kulia umeinuliwa ili kumulika ukingo wa barabara. Sasa zifunge Tanzania, tunakopita kushoto. Ule mwanga ulioinuliwa hauangalii ukingo tena, unaangalia macho ya anayekuja mbele yako.

Mwezi wa tatu 2020, usiku, kwenye kona moja ya mlima, alikuwa anakuja kijana wa bodaboda. Mdogo wangu alipiga dimu kama dereva muungwana. Haikusaidia. Yule kijana hakuona kitu, akaingia mtaroni, mkono wa kushoto ukavunjika. Mdogo wangu alimbeba kwenye gari lilelile mpaka hospitali, na akaniambia kwa simu kwamba kijana alikuwa mwendo kasi. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Nilituma hela ya matibabu nikajiona mtu mwema.

Mwezi huohuo China ilifunga mipaka kwa wageni. Ningetoka nisingeweza kurudi. Nilifika nyumbani 2023, mipaka ilipofunguliwa. Siku ya pili usiku niliwaambia washe taa, mimi nikasimama barabarani mbele ya gari. Hapo ndipo nilipojua. Kesho yake nilikwenda kwa yule kijana nikamwambia ukweli wote, kwamba mwendo wake haukuwa kosa, kosa lilikuwa taa zangu. Mkono wake umepona lakini umepinda kidogo. Alinyamaza, akaniambia, "Miaka mitatu kila mtu hapa ananiita mkimbiza pikipiki." Hakutukana. Afadhali angetukana.

Kwa hiyo pale Yongfu nilikunja orodha yangu ya urembo, nikatoka nje nikampigia Mama. Nilimuuliza swali ambalo sote tulikuwa hatujamuuliza: wewe mwenyewe unataka gari gani?

Mama alicheka. Akasema, "Mwanangu, Land Rover ya baba yenu naipenda. Lakini kuipanda nahitaji kigoda na watu wawili, na kushuka nahitaji watatu. Mkiiinua zaidi mtaleta ngazi ya msikitini?" Magoti yake mnayajua. Na sisi tulikuwa tunabishana kuhusu winchi!

Wiki hiyo nikamwomba mdogo wangu aipeleke Land Rover kwa fundi, aingie chini na nyundo agongegonge chasisi. Bodi ni aluminiamu, ndiyo, lakini chasisi ni chuma, na kutu yake huanzia ndani, ambako huioni. Nyuma, karibu na tanki, nyundo iliingia ikatokea upande wa pili. Mdogo wangu alinitumia picha bila neno lolote. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ubishi wake.

Basi wajomba msinune, uamuzi ni huu: tunatengeneza Prado.

Nimenunua hivi, kwa mpangilio wa umuhimu. Kwanza mfumo wa joto: hedi mpya na gasketi yake, rejeta, themostati, klachi ya feni, na kengele ndogo inayolia joto likizidi, kwa sababu mshale wa dashibodi ukianza kupanda huwa umeshachelewa. Na nawaomba mafundi wa nyumbani, kwa heshima zote, msiing'oe themostati eti injini ipate baridi, na msijaze maji ya mtoni. Wekeni kulanti. Pili breki za mbele na nyuma. Tatu shokapu, springi na bushi, za urefu wa kawaida kabisa, Mama apande mwenyewe. Nne, taa za mbele. Safari hii nilisimama mbele ya kioo nikatafuta alama. Taa ya nchi za kupita kushoto ina mshale kwenye kioo unaoelekea kulia kwako wewe unayeitazama. Isiyo na mshale imetengenezwa kwa wanaopita kulia. Mkinunua taa popote, tafuteni mshale huo.

Tairi mtanunua Dar, maana kwenye meli zinakula nafasi. Angalieni tarakimu 4 ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi inayong'aa inaweza kuwa imekaa stoo miaka saba. Winchi nimeacha, nimeweka kamba nzuri ya kuvutia na sepeto mbili. Hema la paa pia nimeacha. Udzungwa magari hayaingii porini, watu wanapanda kwa miguu, kwa hiyo gari kazi yake ni kutufikisha Mang'ula tu. Mahema ya kawaida mawili makubwa yamo kwenye mzigo, na kiti cha kukunja cha Mama. Mzigo umeshaingia kwenye kontena, na kwa kawaida ni kama mwezi mmoja baharini.

Land Rover haiuzwi. Msiniulize tena. Imerudishiwa taa zake za zamani, itakaa chini ya mwembe, na Mungu akijalia akiba nyingine itakuwa ya chasisi.

Jambo la mwisho. Taa mpya zikishafungwa, kabla gari halijaenda popote, mdogo wangu atakwenda kwa yule kijana wa bodaboda. Amekubali. Atasimama barabarani usiku, kwenye kona ileile, gari lije kwa dimu, na yeye ndiye atakayesema kama linapita au halipiti. Akikataa, zinang'olewa.

Ni hayo tu kwa leo. Msalimieni Mama, mwambieni kigoda akiweke jikoni sasa. Desemba tutaonana panapo majaliwa.

Wenu, kutoka Guangzhou.