Wagoni Ile Haikuwa Yenyewe

 Leo ninaanza na ungamo.

Siku ya Mungu moja, mwezi wa kumi na moja, nilihubiri juu ya amani. Ili watu washike maneno, nilitafuta mfano. Nikakumbuka picha niliyoiona zamani katika kitabu kimoja cha Kifaransa, wakati nilipokuwa mwanafunzi kwenye shule ya Biblia: wagoni ya treni imesimama ndani ya nyumba, katika msitu wa Compiègne, kule Ufaransa. Basi nikasema kwa sauti kubwa kwamba ndani ya wagoni hii vita kuu ya kwanza ilikomeshwa tarehe 11 Novemba 1918, na kwamba hata leo mtu akifika kule ataiona wagoni ile ile, na kiti kile kile alichokaa mkubwa wa majeshi. Watu wakaitika amina. Hata mimi mwenyewe nilijisikia nimehubiri vizuri.

Kiisha ibada, mzee mmoja wa kanisa akaningoja nje. Baba huyu alifanya kazi ya useremala miaka mingi kwenye atelie ya reli, akitengeneza wagoni za wasafiri. Hakunikemea mbele ya watu. Alinishika mkono, akanivuta mpaka chini ya mwembe, akasema polepole:

"Pasta, ile wagoni ulituambia, ilishaka kuungua. Ile iko pale leo ni ndugu yake."

Nilikasirika kidogo, sifichi. Nikamjibu: Baba, si ni jambo dogo hilo? Iwe yenyewe, iwe ndugu yake, amani ni amani. Akanitazama sana.

"Kwako ni kidogo. Sisi batu tulitumikaka mu wagoni, haiko kidogo. Mutoto akikufa, banaweza kupatia mudogo wake ile jina. Ni muzuri. Lakini mama hawezi kusema ule wa kwanza hakufa."

Nikarudi nyumbani na neno hilo. Nikauliza ndugu mmoja wa kanisa letu anayesoma Ufaransa, naye akaenda mpaka pale, akanitumia picha na maelezo. Mzee alisema kweli. Nami nikajifunza habari yote, ambayo ni nzuri kupita mahubiri yangu.

Wagoni ya kwanza ilikuwa na nimero 2419 D. Ilitengenezwa mwaka 1914 kule Saint-Denis, karibu na Paris, iwe wagoni ya kulia chakula, mali ya kampuni ya Wagons-Lits, ile iliyoanzishwa na Mbelgiji Georges Nagelmackers. Mwaka 1918 jeshi likaichukua, meza za chakula zikatolewa, ikageuzwa biro ya Marshali Foch. Wajumbe wa Ujerumani, mkubwa wao akiwa Matthias Erzberger, walifika pale tarehe 8 Novemba. Siku tatu baadaye, alfajiri kabla ya jua kutoka, wakatia mkono. Saa tano ya asubuhi ile mizinga ikanyamaza kule Ulaya. Kwetu Afrika habari ilichelewa: Jemadari von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, kule Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, katika Zambia. Wapagazi wetu walibeba mizigo ya vita siku nyingine zile zote.

Kiisha vita, wagoni ikapelekwa Paris, ikasimamishwa katika uwanja wa Invalides toka 1921 mpaka 1927. Ilikaa nje, juani na mvuani, ikaanza kuharibika. Nilipomweleza mzee habari hii alitingisha kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya mgonjwa. Mwamerika mmoja, Arthur Fleming, akatoa feza yake. Wagoni ikatengenezwa, ikarudishwa Compiègne ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili yake.

Sasa sikia. Mwaka 1940, Hitler alipoishinda Ufaransa, alitaka kulipiza kisasi. Angeweza kuchukua wagoni yo yote. Kampuni ilikuwa nazo nyingi za namna ile ile. Hapana. Askari wake walibomoa ukuta wa nyumba ile, wakaivuta 2419 D mpaka mahali pale pale iliposimama mwaka 1918, na tarehe 22 Juni Wafaransa wakatia mkono humo kwamba wameshindwa. Halafu akaipeleka Berlin watu waitazame. Ndugu msomaji, mimi pasta nilisema "yenyewe au ndugu yake ni sawa". Yule mwovu alijua kwamba si sawa. Neno hili lilinichoma.

Mwishoni wagoni ilifichwa katika jimbo la Thuringia, na mwaka 1945 iliungua. Mpaka leo watu wanabishana juu ya nani aliyewasha moto. Mwaka 1950 kampuni ikatoa wagoni nyingine ya aina ile ile, nimero 2439 D. Wakaipanga ndani sawasawa na ile ya Foch, wakarudisha vitu vya zamani vilivyokuwa vimefichwa kabla Wajerumani hawajafika, halafu wakaiandika nimero ya marehemu: 2419 D. Ndani yake waliketi Rais Macron na Bibi Merkel wa Ujerumani tarehe 10 Novemba 2018, wakaandika katika kitabu cha wageni. Na wenye kutunza mahali pale hawafichi: wanaeleza wazi kwamba wagoni yenyewe iliungua. Aliyedanganya watu ni mimi peke yangu.

Nilirudi kwa mzee, siyo mara moja. Nilitaka kujua jambo lililokuwa linanisumbua: na ile ya 1927, iliyotengenezwa kiisha kuharibika na mvua, bado ilikuwa yenyewe? Na wagoni ambayo mbao zake zote zimebadilishwa?

Akacheka. Akanieleza kwamba wagoni ya zamani ya wasafiri ni chuma chini na mbao juu. Chini kuna shasi na bogi za magurudumu. Juu kuna kiunzi cha mbao ngumu, na nje kinafunikwa na mbao nyembamba au bati. Adui yake ni maji. Dirisha linaposhushwa, kioo kinaingia ndani ya ukuta, na maji ya mvua yanakifuata humo humo. Ndiyo sababu kuoza kunaanza chini ya dirisha, mahali ambapo macho hayafiki. Pengine pa kuoza ni sakafu ya karibu na choo, na paa likipasuka rangi.

"Tulikuwa tunatosha ubao wa kuoza, tunatia mupya. Ubao moja, siku ingine moja. Wagoni inabaki yenyewe, juu haikuache kutumika, haikuache nimero yake. Na nyuma ya ubao mupya tunaandika tarehe na krayo."

Ile ya krayo ilinipendeza sana. Hakuna msafiri atakayeiona. Lakini fundi wa kesho, akifungua ukuta, atajua hii ni ya lini. Na hivi ndivyo watunzaji wazuri wa makumbusho wanavyofanya mpaka leo. Kabla ya kupaka rangi mpya wanakwangua mahali padogo, tabaka kwa tabaka, wapate kujua wagoni ilikuwa na rangi gani siku zake. Ubao uliotolewa hawautupi motoni, wanauweka. Kipande kipya kinatiwa alama. Kazi yote inaandikwa katika kitabu. Mwaka 2005 vyama vya Ulaya vinavyotunza reli za zamani vilikubaliana hata juu ya maandiko ya kuongoza kazi hiyo, yanayoitwa Mkataba wa Riga. Sidhani mzee wetu aliwahi kuyasikia. Alikuwa na krayo yake.

Kuna shida nyingine. Mtu akipenda sana wagoni ya zamani anaweza kuiharibu kwa kuipendeza. Anasugua mbao mpaka zinang'aa, anaweka vitambaa vipya vyekundu, na alama za mikono ya wasafiri zinakwisha. Inakuwa nzuri kuliko siku ile ilipotoka atelie. Mimi sipendi hivyo. Afazali kiti kilichochakaa, kinachosema ukweli.

Tena, utaona kwamba zinazotunzwa ni wagoni za wakubwa. Pale Bulawayo, katika Zimbabwe, makumbusho ya reli inatunza wagoni ya Cecil Rhodes, iliyobeba maiti yake kutoka Cape mwaka 1902. Reli ile ile iliendelea kupanda kaskazini, ikafika Victoria Falls mwaka 1904, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi, kwa ajili ya shaba yetu. Kijana ataniuliza: Pasta, kwa nini kutunza kitanda cha mtu aliyenyang'anya watu nchi yao? Swali ni la haki. Nyoka wa shaba wa Musa alikuwa yeye mwenyewe kabisa, lakini mfalme Hezekia alimvunja, maana watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kutunza si kuabudu. Mimi ningeiacha wagoni ile isimame na habari yake yote, hata ile chungu. Lakini ningetaka kando yake isimame wagoni ya kilasi ya tatu, yenye viti vya mbao, waliyopanda babu zetu wakienda kazi ya mgodi na kitambulisho shingoni. Ile ilitumika mpaka ikavunjika, na mbao zake zikawa kuni. Hakuna aliyekwangua rangi yake ajue ilikuwa ya namna gani.

Basi ikanipasa kusimama tena mbele ya watu. Usifikiri ni rahisi. Mke wangu aliniambia niache, watu wamekwisha kusahau. Lakini nilijua mzee hakusahau, naye anakaa kiti cha mbele. Siku ya Mungu iliyofuata nikasema: ndugu zangu, wagoni niliyowaambia iliungua mwaka 1945, ile ya leo ni nyingine, ilipewa nimero yake. Kimya kikawa kingi. Kiisha ibada kijana mmoja wa kwaya akanifuata, mwanafunzi wa sekondari, akauliza bila kunitazama usoni: "Pasta, na bile bingine unatufundishaka, na byenyewe biko hivi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia aje nyumbani jioni. Tukafungua pamoja kitabu cha Kutoka, sura ya 32 na ya 34. Mbao mbili za mawe alizopokea Musa kwanza zilivunjika chini ya mlima, kwa ajili ya ndama. Zile zilizowekwa ndani ya sanduku la agano ni za pili. Musa alizichonga yeye. Maneno ni yale yale, lakini mawe ni mengine, na Biblia haifichi. Ingeweza kunyamaza, na sisi tungedhani ni zile za kwanza. Kijana akasoma mara mbili, akanyamaza, akaniomba maji ya kunywa. Tangu siku ile anakuja na maswali, tena magumu.

Sasa yeye na wenzake watatu wanakwenda kwa mzee siku ya posho, wanaandika katika kaye: jina la kila mbao, namna ya kuunga kona, rangi zilizopakwa na miaka yake. Mzee anawasumbua sana. Akisema "karibu mwaka fulani", hawaruhusu waandike bila neno "karibu".

Maandiko haya nayo nilimsomea kabla ya kuyatuma kwa gazeti. Alisikiliza macho yamefungwa. Nilipomaliza akasema nimekosa mahali pamoja: niliandika 2493.

"Ni 2439, Pasta. Ile njo jina yake. Usiipoteze mara ya pili."