Tanga, Tulikokwenda Kulipa Deni la Mama

Tanga ina msemo wake unaojulikana pwani nzima: waja leo, waondoka leo. Kila mtu huueleza apendavyo, wenyeji kwa majivuno na wageni kwa kejeli. Sisi tulikuwa tumeuchukua kama ulivyo. Tuliondoka Mombasa siku ya Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, ndugu watatu wa tumbo moja, kwa nia ya kufika, kutua amana tuliyoibeba, na kurudi kulala kwetu usiku uo huo. Tulikaa siku nne.

Amana yenyewe ilikuwa bahasha, nayo ilikuwa ndani ya mkoba mmoja na Msahafu wa marhumu mama yetu. Siku chache kabla ya kufishwa alituita akatueleza jambo ambalo hatukuwa tukilijua. Shamba la minazi la babu yetu liliuzwa mwaka 1988. Warithi walikuwa wawili, yeye na kaka yake aliyekuwa akiishi Tanga. Na kwa hukumu ya mirathi, mwanamume hupata mafungu mawili pale mwanamke apatapo moja. Theluthi mbili za fedha zile, basi, zilikuwa za mjomba. Mama alizipokea zote, akaziweka mpaka kaka yake aje. Mjomba alichelewa kuja. Ada zetu za shule hazikuchelewa. "Nimewasomesha kwa haki ya mtu," alisema mama, kisha akageukia ukutani.

Shekhe wetu alitukumbusha kwamba deni la maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya kugawanywa urithi. Swali lililotusumbua ni kiasi. Shilingi za mwaka 1988 zikilipwa leo kwa idadi ile ile hazitoshi hata kununua miche ya minazi. Alitwambia kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwahi kukopa ngamia akalipa aliye bora kuliko yule, bila ya kushurutishwa, akatuachia wenyewe tufikiri. Tulifikiri, tukakisia thamani ya fungu lile kwa bei ya ardhi ya sasa, tukachukua miezi saba kuzikusanya. Mmoja wetu aliuza pikipiki yake. Mjomba hatukumwambia lolote, ila kwamba twaja kumjulia hali.

Njia si ndefu. Ukishavuka feri ya Likoni, wapita Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, wagonga muhuri mpakani, na kutoka Horohoro hadi Tanga zimesalia kilomita 65 tu. Lugha haibadiliki: Wadigo wako huku na Wadigo wako kule, na mpaka umepita katikati yao. Kinachobadilika ni mimea. Karibu na Amboni minazi hupungua, na mikonge husimama kwa safu zilizonyooka kama wanafunzi gwarideni. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuagiza mwaka 1893 kutoka Florida. Miche elfu moja ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu, nayo ndiyo mama wa mashamba yote yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Baadaye zilikuja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na Tanga ikaanguka nayo.

Mji wenyewe ni wa kazi. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa hapa mwaka 1893. Mawe ya chokaa, yale yale yaliyochimbwa na maji mpaka yakawa mapango ya Amboni, ndiyo yanayosagwa viwandani kuwa saruji na chokaa. Bandarini, kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikashushwa kwa matishari. Siku hizi kina kimechimbwa na meli zafunga gatini. Upande wa pili wa ghuba, Chongoleani, ndiko litakakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Hata hivyo, mwenye kutarajia kelele na moshi atashangaa. Mji huu ni mtulivu kuliko Mombasa yetu, umepandwa miti, na watu wake, wake kwa waume, bado wapanda baiskeli.

Mtaa wa Ngamiani umekatwa kwa barabara zenye nambari badala ya majina, kuanzia ya kwanza hadi ya 21, na mgeni hawezi kupotea akijua kuhesabu. Huko ndiko tulikomkuta mjomba, mzee wa miaka themanini na ushei, ameketi barazani juu ya kigoda, mbele yake baiskeli iliyopinduliwa miguu juu. Tulimbusu mkono. Alitutazama mmoja mmoja, akamwambia dada yetu, "Wewe una paji la uso lake," kisha akaendelea kukaza spoku, huenda ili tusimwone macho.

Alikwenda Tanga kijana, akakata mkonge, halafu akaajiriwa kiwandani. Kiwanda hicho, ambacho hatutakitaja, kilifungwa, na wafanyakazi wakaahidiwa mafao yao. Mjomba ana bahasha ya barua za ahadi hizo, zimekuwa rangi ya chai. Ndipo alipojifunza ufundi wa baiskeli.

Hatukuweza kutoa bahasha yetu kabla ya chakula, kwani chakula kilikuwa tayari. Binti yake alituandalia bada. Wengi wetu huku mjini tumeisahau, na wengine huidharau, basi na tuieleze. Muhogo humenywa, ukakatwa, ukaachwa uchachuke kidogo na kukauka juani, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Unga wake husongwa kama sima, lakini si sima: ni wa rangi ya jivu, wateleza na kuvutika, na harufu yake ya uchachu huwatisha wasioizoea. Hautafunwi sana, huchovywa ukamezwa. Tuliletewa na changu wa kupaka, mchunga uliochemshwa mpaka uchungu wake ukalainika kwa tui, na ngogwe zilizopondwa kwa pilipili na ndimu. Baadaye yalikuja maziwa mgando, kwa kuwa Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa pia. Tulikula kwa mkono, sinia moja, na kwa muda mrefu hapakuwa na maneno.

Baada ya swala ya adhuhuri tulimweleza. Mkubwa wetu ndiye aliyesema, naye alisema vibaya, akirudia maneno na kuomba radhi kabla ya kufika kwenye kosa. Mjomba hakumkatiza. Tulichokiogopa zaidi ni kwamba angesema amesamehe, na fedha turudi nazo. Msamaha wa mzee mkarimu mbele ya wageni haujulikani kama umetoka moyoni au umetoka kwenye haya. Hakusema hivyo. Aliivuta bahasha, akavaa miwani, akahesabu noti zote mpaka ya mwisho, akaanza tena upya. Kisha akasema, "Nilijua shamba limeuzwa. Nilidhani amenisahau." Aliongeza kwamba kati ya haki mbili alizokuwa akidai duniani, hii ndiyo aliyokuwa ameikatia tamaa zaidi. Wallahi, hatukuwahi kuona fedha zikihesabiwa kwa namna iliyotupa raha kama ile.

Jioni alitupeleka Raskazone. Ghuba ya Tanga imekingwa, hivyo maji yake hayana ghadhabu. Mbele kipo kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti ya kale na makaburi ya Wajerumani. Wavuvi wa bahari hii wamekuwa wakinasa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za kale kabisa, na mwaka 2009 ilitengwa hifadhi kwa ajili yake. Dada yetu aliingia majini na nguo zake zote, na hapana aliyemkodolea macho. Kwa wazazi wenye mabinti, hilo si dogo.

Tulimwambia mjomba kwamba tutaondoka asubuhi. Akajibu kwamba kesho ana safari, nasi tutamsindikiza. Mkewe marhumu alikuwa Msambaa, amezikwa kwao juu karibu na Amani, na kwa miaka sita mjomba hakuwa amefika kaburini kwa kukosa nauli. Aliikodi gari mwenyewe, akailipa kwa noti za bahasha ile. Tulipojaribu kuingiza mikono mifukoni alikasirika kwelikweli.

Hadi Muheza ni lami, na kando ya barabara yamepangwa machungwa, yale yale yauzwayo masokoni mwetu Mombasa. Kutoka hapo njia ya vumbi hupanda milima ya Usambara kwa mizunguko, joto likibaki chini kama koti lililovuliwa. Huko juu Wajerumani waliasisi taasisi ya utafiti wa mimea mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pembe zote za dunia imekua mpaka haina ugeni tena. Wenyeji walima iliki, mdalasini na pilipili manga chini ya vivuli vyake, na mashamba ya chai yameshonana na msitu. Ukungu ulikuwa mzito. Watoto wa pwani kama sisi tulitetemeka, na mjomba alitucheka.

Kaburini alisimama peke yake kwanza. Kisha akatuita, tukamwombea mkewe, na bila ya kutushauri akaendelea na dua ya mama yetu, akimtaja kwa jina la utotoni ambalo hatukuwa tukilijua.

Siku ya kuondoka alitufungia iliki na mfuko wa unga wa bada, akatuwekea machungwa ndani ya gari, kana kwamba Mombasa hakuna. Tumejaribu kuisonga bada hiyo mara mbili tangu turudi, na mara zote mbili imetoka madonge. Tumempigia simu kuuliza. Asema maji yetu hayakuchemka, na kwamba mama yetu naye alikuwa na haraka hiyo hiyo.